Mshenga Asiyetumwa

Hallgerður, mpira ulikupiga puani dakika ya hamsini na mbili.
Ukumbi mzima wa Akureyri ukanyamaza,
nawe, umelala sakafuni, ukauliza kwanza: umeingia?
Haukuingia.
Damu ikakataa kukatika. Wakakujaza shashi pande zote mbili,
wakakwambia urudi Jumatatu.

Hukuifikia Jumatatu.
Jumapili alfajiri Steinvör, mama yako, alikuleta
na koti juu ya nguo ya kulalia, theluji viatuni.
Ametapika tangu saa nne, akasema, na amekuwa mwekundu
kama aliyelala juani,
na jua lenyewe hatujaliona wiki ya tatu.

Presha: sabini kwa thelathini na tano.
Nilibonyeza ngozi ya bega, ikawa nyeupe,
ikarudi nyekundu bila haraka.
Nikatafuta kidonda, jipu, hata mchubuko wa goti.
Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.
Hawakusema puani.

Nikaivuta ile shashi. Ikatoka ndefu, ndefu, kama siri ya ukoo.
Haikunuka.
Hapo ndipo nilipoogopa.

Siku mbili baadaye Bárður wa maabara akaniita nitazame sahani:
vidoa vya mviringo, rangi ya dhahabu,
nadhifu kama vifungo vya shati la harusi.
Kijidudu hiki hukaa puani mwa watu tele,
mpangaji asiyegombana na mtu.
Mpe shashi, damu, hewa na joto la mwili,
naye huanza kupika sumu.
Sumu yenyewe haikuunguza kitu. Iliunganisha tu.

Sikiliza, maana uliniuliza.
Siku zote seli mlinzi humeza mgeni, humkatakata,
hushika kipande kiganjani, huzunguka nacho tezi hadi tezi:
mnamjua huyu?
Seli elfu kumi hutikisa kichwa.
Moja husema: namjua.
Ndivyo posa inavyopelekwa, kwa kuulizana,
kwa kutazamana hadi kwenye kucha.

Sumu hii ni mshenga asiyetumwa na mtu.
Haibishi hodi. Hupita ubavuni,
humshika huyu bega, humshika yule bega,
hutangaza: mmeoana!
Jina halikuulizwa. Kiganja hakikufunguliwa.
Na si seli moja katika elfu kumi iliyoitika.
Moja katika tano.

La mgambo likilia kuna jambo.
Kwako lililia, na jambo lilikuwa ni kule kulia.
Askari wote wakatoka, wakaitana, kila mwito ukazaa miito,
mishipa ikavuja kama kikapu,
maji ya damu yakahamia kwenye kope, kwenye vidole,
figo zikanyamaza.
Damu yako tuliioteshea mara tatu. Haikuota kitu.
Kijidudu hakikutoka puani hata hatua moja.
Aliyekuwa anakupiga ni wewe.

Lita saba za maji. Dawa ya kumbomolea kijidudu ukuta,
na nyingine ya kuzima jiko lake,
kwani kumuua mpishi hakumwagi chungu.
Kisha chupa ya kingamwili, iliyokamuliwa
kutoka damu ya maelfu ya watu usiowajua,
ambao sumu hii walikwisha kuizoea zamani bila hata kuugua.

Kwa nini yeye, mama yako aliniuliza, si mimi?
Nikampima. Yeye anazo tele, hajui alizipata lini.
Wewe, sifuri.

Siku ya kumi na moja ngozi ya viganja ikaanza kubanduka,
kidole kwa kidole.
Walinda lango wa mpira wa mikono hawavai glovu.
Wewe ulivua zako juu ya blanketi la hospitali,
ukazitazama, ukacheka, ukataka kuzipiga picha.

Leo ni wiki ya sita. Unafunga viatu vya mazoezi
wakati mimi nasoma karatasi.
Bado sifuri. Mwili ulipigana vita vyote vile
na sura ya adui haukuishika.

Nenda, kadake mipira yako.
Lakini mtu akija tena na shashi,
mwambie jina langu kwanza.